Pampu ya Kunyonya au Chupa Yenye Valvu: Kutoa Hewa kwenye Breki Bila Msaidizi

Anayetaka kutoa hewa kwenye breki za gari lake, bila mtu wa kumkanyagia pedali, ana njia mbili: pampu ya mkono inayonyonya mafuta ya breki kupitia nipeli (skrubu ndogo ya kutolea hewa penye gurudumu), au mpira wenye valvu ya njia moja unaoishia ndani ya chupa.

Pampu humwezesha kukaa penye gurudumu muda wote. Hata hivyo, mvuto wake hupitisha hewa kwenye nyuzi za nipeli iliyolegezwa, mapovu yakaonekana mpirani ilhali ndani ya mfumo hayamo, na asiyelijua hilo humwaga mafuta mazuri bure.

Kwa chupa, mafuta husukumwa kwa pedali badala ya kuvutwa, kwa hiyo udanganyifu huo hupungua. Katika gari kuukuu, lakini, pedali isifikishwe sakafuni, kwa kuwa mipira ya masta silinda (silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki) huweza kukwaruzwa na kutu ya sehemu isiyofikiwa kila siku. Kibao cha mbao chini yake chatosha kuizuia.

Kwa gari linalolala Likoni au Nyali, huko Mombasa, mimi ningenunua chupa, ambayo ni nafuu, na fedha inayobaki niiweke kwenye spana nzuri ya ringi, kwani hewa ya chumvi hukaza nipeli hata zikakatika. Mafuta nayo yawe ya kopo jipya: yale ya daraja la DOT 4 hunywa unyevu, na kiwango chake cha chini cha kuchemka hushuka kutoka nyuzi 230 za Selsiasi hadi 155.