Old School RuneScape kwenye simu: gemu linaloniachia niondoke

Wadau wa magemu habari zenu. Hii riviu nimeichelewesha makusudi, nlitaka nitimize mwaka mzima nalicheza ndo niongee, maana wiki ya kwanza kila gemu tamu. Mi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Morogoro, watoto wawili, baba yao anasafiri safiri na kazi zake, kwa hiyo mda wangu wa gemu ni ule wa kuokoteza tu, mteja kachelewa kuja kupima, umeme umekatika, au usiku watoto washalala. Gemu lenyewe ni Old School RuneScape, lile la kuwa na mhusika wako mnakutana watu kibao mtandaoni dunia moja, na mi nlilichagua kwa swali moja tu, je nikitaka kuondoka litaniachia?

Nieleze kwanza kwa nini naulizaga hilo swali. Kabla ya hapa nlikuwa na gemu lingine la simu, jina silitaji. Lilikuwa na klani, yani kikundi cha wachezaji, na klani ilikuwa na vita kila siku saa 3 usiku, usipotokea wenzako wanapungukiwa pointi na kesho yake kwenye grupu unaulizwa mbele za watu. Halafu kuna zawadi za kuingia kila siku, siku ya 1 kidogo, ya 7 nyingi, ya 30 ndo unapewa joho la dhahabu, ukiruka siku moja tu unarudi mwanzo. Siku ya 26 nlikuwa nimempakata mtoto ana homa mkono huu na simu mkono huu. Mwezi huohuo nlikuwa na gauni la sendofu la binti mmoja, lasi ya kijani, limebaki zipu na pindo la chini, kazi ya saa moja na nusu, nikasema ngoja vita viishe nimalizie, vita vikaisha saa 4, klani ikaanza kupanga vya kesho, nikaja kushtuka saa 9 usiku. Asubuhi shangazi yake yuko mlangoni na gauni liko mezani vilevile na pini zimechomekwa. Hakunitukana. Alikaa kwenye stuli akanisubiri natia zipu mikono inatetemeka, na binti wa watu akachelewa saluni siku yake. Yule mama hajarudi tena na wala simlaumu. Gemu nililifuta jioni ileile nikakaa miezi kadhaa bila kucheza chochote.

Sasa hili. RuneScape yenyewe ni ya siku nyingi, ilitoka Januari 2001, kampuni yake ni Jagex ya kule Cambridge, Uingereza. Baadae ilibadilishwa badilishwa mpaka wachezaji wakaikumbuka ya zamani, kampuni ikachukua kopi ya gemu lilivyokuwa Agosti 2007 ikaifungua tena kama gemu linalojitegemea Februari 2013, ndo hii Old School. Kwenye simu imekuja Oktoba 2018, Android na iPhone, na akaunti ni moja, ukiachia kwenye simu unaendelea kwenye kompyuta palepale. Picha zake ni za kizamani kweli, watu wana vichwa vya pembepembe, ila ndo maana simu yangu ya kawaida inalibeba bila kuchemka na bando linaenda taratibu, sio kama video.

Kilichonishika ni shamba. Kuna ujuzi wa ukulima, unapanda mitishamba kwenye vitalu, mi napitia vinne kwenye miji ya ndani ya gemu, kusini mwa Falador, halafu Catherby, Ardougne na kule Port Phasmatys. Unatoa magugu kwa reki, unamwaga mboji, unapanda mbegu, na kila kitalu kina kibwengo kamesimama pembeni kanakutunzia reki na jembe usihangaike kuvibeba. Raundi nzima ni dakika 6 au 7. Baada ya hapo hakuna cha kufanya, mitishamba inachukua dakika 80 hivi kukomaa, na inaota hata ukiwa umetoka kabisa kwenye gemu, simu imezimwa, uko sokoni. Na ikishakomaa haiozi! Ukirudi baada ya siku tatu iko palepale inakusubiri. Inaweza kushikwa na ugonjwa ikafa ikiwa bado inaota, ndo kazi ya mboji hiyo kupunguza, lakini kufa kwake hakutokani na wewe kutokuwepo. Miti ya matunda ndo kabisa, masaa 16, hiyo napanda asubuhi kabla sijafungua kibanda nisahau.

Mnaona utofauti? Lile la kwanza likikukosa linakuadhibu, hili halina hata habari na wewe. Hakuna kalenda ya zawadi za kuingia. Kuna vitu vichache vya kila siku, kwa mfano mzee Zaff pale Varrock ukishafikia hatua fulani anakuuzia fimbo za kupigania kwa bei ya chini, lakini ukimruka hupotezi chochote ulichokuwa nacho. Dakika 80 kwangu ni shati la sare tangu kukata mpaka kola, kwa hiyo nikishapanda najua nina shati moja la kushona ndo niguse simu tena, na siku nyingine nakuwa nishashona matatu sijakumbuka.

Ila jamani msije mkasema dada yenu kawaambia hili gemu halina uteja. Linao, tena mkubwa, uko upande wa leveli. Kila ujuzi unapanda mpaka 99, na pointi za kufika 99 ni 13,034,431, na leveli ya 92 ndo nusu ya safari, sio 50, ni 92. Yani ukiwa umefika 92 ukadhani umebakiza kidogo, bado unadaiwa kama yote uliyofanya tangu siku ya kwanza. Mtu anasimama Draynor kwenye mierebi kando ya maji anakata miti mpaka usiku mzima, anaangalia tu zile namba zinavyopanda, na kwa sababu mkono haufanyi kazi kubwa anajiona hachezi. Hapo ndo pabaya. Seva inakutoa yenyewe ukikaa masaa 6 mfululizo, lakini masaa 6 ni shifti nzima ya mtu, na unaruhusiwa kuingia tena papo hapo, hicho msikihesabie kama kinga.

Mi nafanyaje, begi la mhusika lina nafasi 28. Nikisema nakata miti, ni mabegi matatu, basi, natoka. Sihesabu mda kwa kazi kama hiyo maana mda wa kwenye gemu hauna kengele, "dakika kumi nyingine" hata mi nlikuwa nasema, lakini begi likijaa limejaa, mhusika mwenyewe anakwambia hana pa kuweka. Misheni pia nzuri kwa sababu zina mwisho. Na saa 4 usiku simu inaenda kwenye chaji sebuleni, mi naenda chumbani.

Kitu kingine nilichokipenda sana na wengi hawakijui, kuna ukurasa wa muhtasari wa mhusika, pale pana mda wote uliowahi kucheza, umefichwa mpaka uuguse mwenyewe. Kila Jumapili naugusa naandika kwenye daftari langu la vipimo, kurasa za nyuma. Mwaka mzima nimecheza masaa 231, kama manne na nusu kwa wiki. Kuna wiki moja ilifika masaa 11, nikarudi nikaangalia ile wiki nlikuwa na nini, nikakuta ni ile niliyogombana na ndugu yangu kuhusu kiwanja, kwa hiyo sikuwa nacheza, nlikuwa najificha. Nilimpigia simu. Bila lile daftari nisingejua.

Naongea hivi kwa sababu hii ishu ya uteja wa gemu sio utani wala sio maneno ya wazee tu. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika Januari 2022, na wanachoangalia sio masaa, ni kama umeshindwa kujizuia, gemu limepita mbele ya mambo mengine ya maisha, na unaendelea hata ukiona linakuharibia, na kawaida iwe imeenda kama miezi 12 hivi. Mi sikufika huko, ila nlivyosoma hiyo ya kuendelea huku unaona linaharibu nilikumbuka lile gauni la kijani.

Haya, hela. Kucheza ni bure, lakini bure ina ujuzi 15 tu na ramani ndogo, na lile shamba ninalolisifia halimo, ni la wanachama. Hiyo ndo kasoro yangu kubwa kwa hili gemu, kitu kinachomfaa zaidi mtu mwenye shughuli zake wamekifungia ndani. Uanachama ni zaidi ya dola 10 kwa mwezi, kwa kipato cha kibanda sio hela ndogo. Kuna njia nyingine inaitwa bondi, unainunua kwa dhahabu ya ndani ya gemu inakupa siku 14, na wadau wengi watakwambia si unacheza bure kabisa. Mi nawaomba mwenye kazi na watoto usiifuate hiyo. Ukianza kutafuta dhahabu ya bondi umejiwekea kodi ya nyumba kila wiki mbili, gemu limekuwa kibarua na unarudi kulekule kwa "lazima niingie leo". Mi nalipa mwezi nikiwa na nafasi, na Desemba na Januari msimu wa sare za shule silipi kabisa, mhusika wangu anabaki upande wa bure na vitu vyake viko benki salama, Februari narudi.

Kwa upande wa bure bado kuna raha ya kutosha, misheni ya kwanza pale Lumbridge mpishi anahitaji yai, maziwa na unga wa keki ya siku ya kuzaliwa ya bwana mkubwa wa ngome. Unga unautengeneza mwenyewe, unavuna ngano, unapanda mpaka juu kabisa ya kinu, unamwaga kwenye mdomo wa kinu, unavuta mtambo, halafu unashuka chini unakuta unga umejaa unakinga na chungu. Binti yangu wa darasa la 3 alikaa pembeni yangu tukafanya hiyo pamoja, akaniuliza mama mbona bibi anapeleka mahindi mashine wala hapandi ngazi, tukaongea mpaka chakula kikaiva. Lugha ni Kiingereza, Kiswahili hakimo, kwa mtoto utamsomea, na kwenye chati usimwache peke yake, ni watu wa dunia nzima pale.

Matapeli wapo. Pale Grand Exchange, soko kuu la wachezaji mjini Varrock, utakuta mtu anapiga kelele nipe hela nikurudishie mara mbili, upatu uleule wa kwetu, akishapokea ya maana haonekani. Na ukivuka mtaro kwenda Wilderness wachezaji wenzako wanaruhusiwa kukuua na kuchukua vitu, kwa hiyo kama mtandao wako unakatika katika kama wangu usiende na kitu unachokipenda.

Kama wewe ni mtu wa mapambano ya kasi utaliona jipole sana, na mabosi, yani yale maadui makubwa ya kupigana nayo, wanataka mda na umakini ambao kwenye simu katikati ya wateja haupo, nimejaribu mara mbili nikaacha. Klani nimejiunga moja ya watu wanaoingia wakipata nafasi, nliwauliza mapema kabisa kama kuna mahudhurio, wakasema hakuna, na kweli nikikaa wiki mbili nikirudi wananiuliza nyumbani hamjambo. Muulize hivyohivyo kabla hamjajiunga popote.

Hili gemu nalipatia nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya shamba la kulipia. Raundi yangu ya leo nilipanda kabla sijaanza kuandika hapa, nadhani Catherby itakuwa tayari, ila kuna shati la mtoto wa jirani limebaki mkono mmoja na ameshapita mara mbili kuuliza, naenda kwenye cherehani kwanza.