Siku tatu kibandani Bweyale na watoto wanaotutisha

Jamani naandika hii Jumatatu asubuhi macho mazito, manake Ijumaa mpaka jana nimekaa kwenye benchi la kibanda cha video kile kiko nyuma ya soko hapa Bweyale, na kuna watu wananiuliza kama inafaa kulipa shilingi 1,000 kwenda kuogopeshwa na mtoto mdogo. Inafaa. Lakini kuna mambo.

Kwa wale hawapajui, Bweyale iko njiani ukitoka Kampala kwenda Gulu, wilaya ya Kiryandongo, na watu wa hapa ni mchanganyiko, Waacholi waliokimbia vita miaka ile, Wasudani, Wakongo, Wakenya waliokuja baada ya fujo za uchaguzi wa 2007, ndo maana Kiswahili kinatubeba. Ma-VJ, yaani wale wanaotafsiri filamu kwa maiki huku inaendelea, wengi wao hapa Uganda wanatafsiri kwa Kiganda, huyu wetu anatafsiri kwa Kiswahili na anajua kazi. Nilikaa karibu naye nikamwangalia mikono: mmoja uko kwenye kitufe cha sauti, mwingine umeshika maiki, mtu wa filamu akifungua mdomo anashusha sauti anaongea yeye, akifunga anapandisha tena, hata hutambui kama unasikia lugha mbili.

Wikiendi hii alipanga watoto wabaya watupu.

Ijumaa ilikuwa The Omen ya 1976. Balozi wa Marekani anaambiwa hospitalini Roma mtoto wake amekufa, anapewa mwingine amlee bila mke wake kujua, ndo huyo Damien. Kuna ile sehemu mama amepanda juu anamwagilia maua, mtoto anakuja na kibaiskeli cha magurudumu matatu anazunguka anazunguka halafu anamgonga, mama anabaki ananing'inia. Hapo VJ alilaza maiki kwenye paja akanyamaza kabisa. Kibanda kizima ukasikia jenereta tu. Hio kwangu ndo kazi ya VJ, kujua pa kunyamaza.

Halafu balozi anafukua kaburi la mama mzazi wa mtoto anakuta mifupa ya mbweha, VJ akapiga kelele "mtoto wa nyoka ni nyoka!" na mzee mmoja nyuma akamjibu palepale, "hapana, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hao wazazi kila siku yaya, wao wako wapi?" Watu wakagawanyika, wengine kwa nyoka wengine kwa malezi, filamu inaendelea na ubishi unaendelea, na mi nikaona hapo ndo penyewe, methali zetu zenyewe hazijakubaliana juu ya mtoto, moja inasema damu na nyingine inasema mkono wa mzazi, na hizi filamu zinaingia kwenye ufa uleule. Mi ni mama wa watatu. Jambazi mkubwa akija nitakimbia au nitapiga yowe, lakini mtoto umemwogesha, unajua harufu ya kichwa chake, akikuita mama mikono inafunguka yenyewe kabla hujafikiri. Balozi mwishoni anamlaza Damien juu ya madhabahu na kisu mkononi, mtoto anamlilia, na kibandani nusu wanasema maliza nusu wanasema mwache. Mi nilikuwa nashika blauzi ya dada aliyekaa pembeni yangu na hata simjui.

Sasa malalamiko yangu, na VJ akiyasoma asikasirike. Mbele kwenye mkeka kulikuwa na watoto wadogo kama kumi, usiku wa saa tatu, hakuna aliyewauliza wamekuja na nani. Mwisho wa filamu Damien anageuka anatabasamu anakutazama wewe moja kwa moja, na pale mkekani kuna kitoto cha kike kikamrudishia tabasamu. Tulikiona sote kwa mwanga wa skrini. Kwake yeye ni mtoto mwenzake tu amemchekea. Tafadhali sana, filamu za namna hii watoto wabaki nyumbani. Lingine ni jenereta, iko karibu mno na mlango, moshi unaingia ndani mpaka kichwa kinauma, na mabenchi hayana mgongo. Chapati na maharage nje ni safi, hapo sina neno.

Jumamosi ilikuwa Orphan ya 2009, nitaipita haraka. Esther analetwa kutoka nyumba ya watoto yatima, mwishoni inajulikana ni mwanamke wa miaka 33 mwenye ugonjwa uliomzuia kukua. Basi watu walipojua si mtoto woga uliisha, wakaanza kumzomea kama adui wa kawaida wa filamu za ngumi. Nilirudi nyumbani nikalala vizuri.

Jana ndo sikulala. Akatoa ya zamani ya 1956, nyeusi na nyeupe, The Bad Seed, vijana wakaguna lakini baada ya dakika kumi wametulia. Rhoda, nywele zimesukwa mikia miwili, adabu mpaka kila mtu mzima anampenda, na anamuua mwanafunzi mwenzake kwa sababu ya medali ya mwandiko mzuri! Mama yake anakuja kugundua kwamba yeye mwenyewe alizaliwa na mwanamke muuaji, yaani nyoka imeruka kizazi. Mwishoni radi inampiga Rhoda anakufa. Kwenye kitabu cha William March cha 1954 mtoto anabaki hai, filamu ilibadilishwa manake kanuni za Hollywood wakati ule hazikuruhusu mwovu aponyoke. VJ alitueleza hio, safi. Ila pale radi ilipopiga hakuna aliyeshangilia. Hapahapa wilayani kwetu mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, watoto wa watu, darasani, wamekosa nini? Huyo VJ akashusha maiki, akasema "poleni", akaacha filamu iishe na Kingereza chake.

Wakati wa kutoka nilitembea na mama mmoja Mwacholi anayeuza karanga pale mlangoni. Nikamuuliza mama, wewe uko upande gani, wa nyoka au wa malezi? Akasema kwao Gulu wakati wa Kony, yule kiongozi wa waasi, watoto walichukuliwa wadogo wakapewa bunduki wakaua watu, wengine wakaua ndugu zao, na waliporudi hakuna aliyeuliza damu yao ni ya nani. Mtoto anasimamishwa mlangoni, anawekewa yai bichi chini, analikanyaga, anaingia ndani. Nikamuuliza, na nyinyi hamkuwa mnaogopa? Akasema tuliogopa sana mwanangu, usiku wa kwanza nilikaa macho mpaka asubuhi namtazama anavyolala.