Pampu ya mafuta ya kimakanika au ya umeme kwa gari la zamani la kabureta

Pampu ya kimakanika huendeshwa na kemshafti, yaani mhimili wa injini unaofungua vali, hivyo injini ikizimika nayo husimama papo hapo, na usalama huo ndio sababu kubwa ya kuiheshimu. Udhaifu wake ni kwamba imefungwa kwenye injini yenye joto na huvuta petroli kutoka mbali, kwa hiyo mafuta huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba. Tena kiwambo chake, yaani utando unaovuta na kusukuma petroli, kikipasuka, petroli huweza kuvujia kwenye oili, na harufu yake utaisikia kwenye kijiti cha kupimia.

Pampu ya umeme, ikifungwa karibu na tangi, husukuma badala ya kuvuta, na huijaza kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kabla ya kupiga stata, faida kubwa kwa gari linalokaa muda mrefu bila kuwashwa. Hata hivyo kabureta nyingi huhitaji presha ndogo, takriban psi (pauni kwa inchi ya mraba) 3 hadi 6, na pampu ya mfumo wa injekta, unaonyunyiza petroli kwa presha kubwa, itaishinda sindano inayozuia petroli kuingia kwenye kabureta na kuifurika kabureta hiyo. Zaidi ya fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), nasisitiza swichi ya presha ya oili inayokata umeme injini inapozimika, kwa maana pampu inayoendelea kusukuma baada ya ajali huulisha moto.