CT scan ya kifua: mama amepimwa mara mbili ndani ya siku nane

Mama yangu ana miaka 71, na kikohozi kilikuwa kimemganda, ni mwezi wa tatu mfululizo. Eksirei ilionyesha kivuli pafu la kulia, daktari akaandika CT scan, kipimo cha eksirei kinachopiga picha za mwili kipande kwa kipande. Kama unampeleka mzazi kwenye kipimo hiki, soma yaliyotupata.

Hospitali ya kwanza, hapa hapa Dar es Salaam, tulilipia, akavua hereni na mkufu, akalazwa kwenye kitanda kinachoingia kwenye lile duara la mashine. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo. Mashine ilikuwa ya zamani, ya vipande viwili, yaani kila mzunguko inachukua picha mbili tu. Akaambiwa avute pumzi na kuibana. Sekunde zikapita kumi, kumi na tano, ishirini. Niliona vidole vyake vya miguu vinajikunja, kisha kifua kikaruka, akakohoa. Wakarudia, akakohoa tena. Majibu: picha zimetikisika, chini ya pafu la kulia hapasomeki. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyemuuliza kama anaweza kubana pumzi, na fomu imeandikwa kikohozi! Pesa haikurudi, na mionzi alishaipata. CT moja ya kifua ina mionzi ya eksirei za kawaida makumi kwa makumi, si kitu cha kurudia hovyo.

Safari ya pili nilipiga simu kwanza. Mashine yenu ni ya vipande vingapi? Kifua kizima sekunde ngapi? Dada wa mapokezi akaniunganisha na mtaalamu wa mionzi: vipande 64, sekunde kama sita.

Tulipofika nilimuuliza tofauti inatoka wapi, akanieleza kwa subira. Ndani ya duara kuna bomba la eksirei, na ng'ambo yake vipokezi, vyote vinamzunguka mgonjwa. Zamani vilifungwa kwa nyaya, kwa hiyo kila baada ya mzunguko lazima visimame na kurudi kinyume, nyaya zisijisokote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaingia pete zinazopitisha umeme kwa kugusana huku zinazunguka. Tangu hapo duara halisimami, kitanda kinapita katikati na picha inachukuliwa kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Ya kwao inamaliza mzunguko kwa chini ya nusu sekunde, na kila mzunguko unabeba vipande 64.

Lakini mashine peke yake isingetosha. Yule mtaalamu, kijana tu, alimwamkia mama, akampa maji ya uvuguvugu, akamfanyisha zoezi la kubana pumzi mara tatu, kisha akangoja kikohozi kipite. Kipimo cha figo walikidai kabla ya dawa ya mshipani inayofanya picha ionekane vizuri, wakauliza na mzio na dawa za kisukari. Akamwonya pia kwamba dawa ikiingia atasikia joto mpaka tumboni chini, kama amejikojolea, asishtuke. Mama aliniambia baadaye kwamba bila onyo hilo angepiga kelele.

"Vuta pumzi mama, bana... haya, pumua."

"Mmeshamaliza?" akauliza.

Bei ilizidi ya kwanza, na foleni ilikuwa ya saa mbili. CD ya picha tulipewa siku ileile. Kivuli kimepimwa kwa milimita, na Jumatatu tunaonana na daktari wa mapafu.