Kabla Hujanunua Pinboli ya Zamani, Mulika Nyuma ya Kioo

Mwaka jana nililipa dola 1,400 kwa pinboli ya mwaka 1975, ile mashine ya mchezo ambayo gololi huruka juu ya ubao ulioinama chini ya kioo. Muuzaji aliiwasha, gololi ikaruka, kengele zikalia, nami nikatoa pesa. Nilipofika nyumbani nikafungua kichwa, lile sanduku lililosimama nyuma lenye picha na alama, nibadilishe balbu, rangi ya kioo ikanibandukia mikononi kama maganda ya kitunguu.

Miguu, kutu na flipa dhaifu (vile vibao vya kurudishia gololi juu) utaviona mwenyewe. Kinachowaponyoka watu ni kioo cha kichwani. Picha yake imechapwa kwa ndani, na rangi inaweza kuwa imeachia huku ukiitazama kwa mbele unaiona nzima. Joto la balbu na baridi ya gereji za huku Chicago huivua taratibu. Koili, balbu na mipira ya flipa vinauzwa mpaka leo. Kioo kikiharibika, nakala mpya huchapwa kwa ajili ya pinboli chache tu zenye wapenzi wengi.

Kwa hiyo omba ufunguo wa kichwa, zima mashine, mulika tochi kwa ndani bila kugusa. Ukiona mipasuko kama ya tope lililokauka, ondoka. Ukiambiwa ufunguo umepotea, ondoka pia.

Sasa chaguo langu la kwanza, na sifichi mapenzi yangu: Gottlieb ya mchezaji mmoja, ya miaka ya 1960 hadi katikati ya 1970. Kampuni hii ya Chicago ndiyo iliyotoa Humpty Dumpty mwaka 1947, pinboli ya kwanza yenye flipa za umeme, na ilikuwa nazo 6. Tafuta Kings & Queens ya 1965, Central Park ya 1966 au El Dorado ya 1975. Kwa nini ya mchezaji mmoja? Mashine ya watu wanne ina magurudumu ya namba na rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) nyingi zaidi za kuharibika, tena mchezo wake ni mwepesi, maana haiwezi kukumbuka kila mchezaji alifikia wapi. Kwenye ya mmoja kila shabaha unayoangusha ina maana hadi gololi ya mwisho. Ikigoma, unainua ubao wa kuchezea na kuona kwa macho yako ni swichi gani haigusi. Unaisafisha, unaendelea kucheza. Hakuna kompyuta humo ndani.

Ya pili ni ya kampuni ya Williams, ya miaka hiyohiyo. Imara, ila mimi bado nazisikia kengele za Gottlieb.

Ya tatu, mashine za elektroniki za kampuni ya Bally, za kuanzia 1977. Tatizo ni betri iliyochomelewa kwenye bodi: ikivuja, kemikali yake inakula njia za shaba. Bodi ikiwa na ukungu wa kijani, punguza bei au acha.

Ya mwisho, mashine mpya ya kampuni ya Stern. Ina skrini, njia za kupanda na kushuka, na kanuni nyingi kiasi kwamba mgeni anapoteza gololi zote 3 bila kujua alikuwa anatafuta nini. Na bei yake ni maelfu ya dola.

Vipinboli vya plastiki vya kuweka mezani ni vya watoto wa miaka mitano.

Kinachoniuma ni hawa wanaonunua mashine kwa wajane na kwenye baa zilizofungwa, wanaifuta vumbi, wanaandika “imekarabatiwa”, wanaongeza dola elfu. Muuzaji wangu aliniambia rangi ilibanduka njiani. Muulize mwenye kusema “imekarabatiwa” ni swichi zipi alizosafisha, na akuonyeshe.

Ukikubaliana bei, kitoe kioo kwanza kabla mashine haijapakiwa. Kisafirishe kimesimama, kimefungwa blanketi, kwenye kiti cha nyuma. Na ukifika, weka balbu namba 47 badala ya 44, hazichemki sana.