Nyangumi wa Watamu kutoka angani: uzoefu wangu wa kumpeleka Mama kwa helikopta

Mama yangu alitimiza miaka 70 mwezi wa Agosti. Alifundisha shule za msingi za Eastlands, Nairobi, hadi akastaafu, na kila mwaka akifika kwenye somo la mamalia alikuwa akimchora nyangumi ubaoni. Hakuwa amemwona hata mmoja. Sisi watoto wake watatu tukaafikiana kumpeleka Watamu, kwenye pwani ya Kenya, akawaone.

Kikwazo kilikuwa mgongo wake. Nyangumi nundu hufika pwani yetu kati ya Julai na Oktoba, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ni ya kusi, upepo wa kutoka kusini: bahari imechafuka, na boti ikitoka nje ya mwamba inarushwa na kubwagwa. Daktari wake aliposikia neno boti alikataa papo hapo. Ndipo nikaanza kuulizia helikopta.

Nilianzia Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Bei ya kwanza niliyotajiwa ilinikata maini. Kumbe hawahesabu ule muda wa kuwa juu ya bahari peke yake. Wanahesabu pia saa za helikopta kutoka Nairobi hadi pwani na kurudi, hata kama ndani yumo rubani tu. Wengi wetu hatulijui hili. Kinacholipiwa ni saa za kuruka, helikopta iwe na abiria au isiwe nao. Kampuni ya pili niliyoiendea ilikuwa na helikopta itakayokaa Malindi wiki nzima kwa kazi nyingine, wakaniambia nikikubali tarehe zao nitalipia dakika 45 pekee. Kila mmoja wetu alichanga shilingi 75,000. Ni pesa nyingi, na tulizikusanya kuanzia Januari. Lakini ukitaka safari ya namna hii, swali la kwanza liwe hilo: helikopta yenu itakuwa wapi siku hiyo?

Swali la pili liwe la arubuni. Kijana wa ofisini alinihakikishia kwamba nyangumi tutawaona kwa asilimia mia. Hakuna anayeweza kuahidi hivyo kuhusu mnyama wa porini, na nilimwambia. Nilichotaka kujua ni iwapo arubuni itarudishwa hali ya hewa ikiharibika, na ilinibidi nipige simu mara nne ndipo waniandikie jibu. Nilitaka pia kujua kama helikopta ina maboya ya kuifanya ielee majini ikitokea dharura, kwa sababu ningempandisha mzazi wangu juu ya bahari kuu. Ilikuwa nayo. Hilo walinijibu upesi.

Tulipanda treni pale Syokimau hadi Mombasa, kisha gari hadi Watamu, tukalala siku mbili Mama apumzike.

Asubuhi ya safari tulipimwa uzito mmoja mmoja, tukavishwa jaketi za kuokolea maisha na vipokea sauti vya masikioni, Mama akapewa kiti cha mbele kando ya rubani. Tulikuwa tumeambiwa tutaruka saa moja. Tuliruka saa tatu kasorobo, bila maelezo ya maana. Nalalamikia jambo hili kwa sababu kusi huzidi kadiri jua linavyopanda, na mawimbi yakishaanza kuvunjika meupe kila mahali, mvuke wa pumzi ya nyangumi unapotelea humo. Kama mtachelewa, mtalipia kutazama povu.

Tulizunguka kwanza upande wa Sabaki. Rubani alipotuonyesha mdomo wa mto, maji ya rangi ya udongo yakisambaa baharini, Mama alianza kufundisha kana kwamba yuko darasani: Mto Nairobi unaingia Athi, Athi ikifika mbele inaitwa Galana, na Galana ndiyo hii Sabaki. Maji yanayopita kwetu chini ya daraja yanaishia hapa. Nimeishi Nairobi miaka yangu yote 38 na sikuwa nimewahi kulitafakari hilo.

Kisha tukageukia kusini. Kutoka juu unaiona Mida Creek na mikoko yake, visiwa vidogo vya Watamu, maji ya kijani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968, halafu ule mstari mweupe wa mwamba. Nje ya mstari rangi inageuka ghafla kuwa buluu nzito. Huko ndiko tulikowatafuta, na kwa karibu robo saa hatukuona kitu. Nilikuwa nikitazama saa kuliko bahari, nikihesabu dakika zetu.

Dada yangu ndiye aliyeona kwanza: mvuke mkubwa, na ubavuni mwake mwingine mdogo.

Hapa ndipo helikopta inapostahili pesa zake. Aliye kwenye boti huona mgongo, akibahatika huona mkia. Sisi tulimwona nyangumi mzima chini ya maji, kichwa hadi mkia, kama mita 14 hivi, na yale mapezi yake marefu ya ubavuni, ambayo kwa nyangumi nundu hukaribia theluthi ya urefu wa mwili, yakimeta kijani kibichi majini. Mtoto alikuwa amelala karibu na kichwa cha mamake. Nyangumi akijitikisa kidogo, mtoto naye anasogea. Alizama chini yake akatokea upande wa pili, akapumua kile kimvuke chake, akarudi palepale.

Kaka yangu alimwomba rubani ashuke ili apate picha nzuri. Alikataa kwa adabu. Alitueleza kwamba anafuata kipimo cha Australia, ambako sheria hairuhusu helikopta kushuka chini ya futi 1,650 karibu na nyangumi, yaani kama mita 500, kwa kuwa mngurumo na upepo wa mapanga ya helikopta humsumbua mama mwenye mtoto mchanga. Pia hakukaa juu yao. Alizunguka kwa mbali, upande mmoja. Nilimheshimu sana kwa hilo. Rubani akikuahidi kwamba atawashusha hadi muone macho ya nyangumi, tafuta mwingine.

"Anakula nini huku?" Mama aliuliza.

"Hali kitu, Mama," rubani akamjibu. "Chakula chake kiko kwao Antaktika. Amekuja kuzaa kwenye maji ya joto. Ananyonyesha kwa mafuta aliyobeba mwilini mpaka watakaporudi."

"Mpaka wafike?"

"Mpaka wafike."

Mama hakusema tena. Aliweka kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo. Baba alituacha tukiwa wadogo, na sote watatu tulijua anawaza nini. Baada ya kama dakika kumi rubani alisema tumewakalia vya kutosha, akageuza ingawa walikuwa bado wanaonekana.

Kwa picha, vaeni nguo nyeusi. Shati jeupe la kaka yangu limejionyesha kwenye kioo katika picha zake zote. Na kama moyo wako uko kwenye kumwona nyangumi akiruka nje ya maji, boti itakupa saa kadhaa za kumsubiri kwa pesa kidogo zaidi. Dakika 45 ni fupi, na safari yetu hakuruka yeyote. Rubani nampa nyota tano, ofisi mbili.

Upungufu mwingine haumhusu mtu. Kutoka juu hakuna sauti yao. Ni injini tu.

Jioni tulikutana na mzee mvuvi ufukweni akikunja nyavu. Mama alimsalimia, akamweleza aliowaona, kisha akamuuliza wakipumua husikikaje. Mzee aliziweka nyavu chini. Alivuta hewa hadi kifua kikajaa, akaiachia yote kwa mkupuo mmoja mzito, akasema usiku bahari ikitulia unaisikia kabla hujamwona.

Mama akamwomba arudie.