Mwendokasi wa Dar es Salaam: Tathmini ya Vituo, Si ya Mabasi

Mengi yameshaandikwa kuhusu mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa ni malalamiko juu ya uchache wa mabasi na msongamano wa asubuhi. Tathmini hii inaliacha hilo kando na kuangalia jambo ambalo abiria hulikuta limekwisha kuamuliwa kabla hajakata tiketi, nalo ni mahali kituo kilipowekwa. Basi bovu hubadilishwa, lakini kituo kikishajengwa kwa zege katikati ya Barabara ya Morogoro, kosa lake hudumu kwa miaka.

Awamu ya kwanza ya mradi huo wa mabasi, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, ina njia ya takribani kilomita 21 yenye vituo 27, mbali na vituo vikuu 5 vya Kimara, Ubungo, Morocco, Gerezani na Kivukoni. Kwa hesabu hiyo, kutoka kituo hadi kituo ni wastani wa mita 600 hadi 700, na kwa maoni yangu kipimo hicho kimekaa vizuri. Mwenye duka lililo katikati ya vituo viwili hutembea kama mita 350 kando ya barabara, yaani dakika tano hivi, na basi nalo hupata nafasi ya kukimbia kabla ya kusimama tena. Daladala husimama karibu kila abiria anaposema "shusha", nasi tumezoea kuuona huo kuwa wema wa konda, ilhali kila kusimama hulipwa kwa muda wa wote waliobaki ndani.

Uamuzi wa kuviweka vituo katikati ya barabara, badala ya pembeni, ndio wenye faida kubwa zaidi na gharama kubwa zaidi. Faida ni kwamba basi, likiwa na njia yake maalumu hapo katikati, haligombanii nafasi na bajaji, magari yaliyoegeshwa wala yanayochomoza kutoka mitaani, na kwa kuwa jukwaa limelingana na sakafu ya basi, mzee au mwenye kiti cha magurudumu huingia bila kupanda ngazi. Gharama yake ni kwamba abiria hafiki kituoni wala hatoki bila kuvuka njia za magari. Hapo ndipo vipimo vya kwenye ramani vinapopotosha, kwa sababu kituo kinachoonekana ng'ambo tu ya barabara huwa mbali iwapo mlango wake uko upande mmoja na kivuko kiko mbele zaidi, kiasi kwamba mtu hulazimika kukipita kituo, kuvuka, kisha kurudi nyuma. Wengi hawatafanya hivyo. Watakatiza kati ya magari, na sioni haki ya kuwalaumu wao kabla ya kumuuliza mchoraji wa kituo kwa nini hakuweka mlango na kivuko chenye taa katika kila ncha ya kituo.

Vituo viwili navipa alama za juu. Kivukoni kiko jirani na pantoni ya Kigamboni, na Fire kiko pale ambapo njia ya Kariakoo, inayoishia Gerezani, inaachana na ile ya Kivukoni, hivyo aliyepanda basi lisilo lake hushuka na kubadilisha bila kurudi alikotoka.

Jangwani ni habari nyingine. Kituo hicho na karakana ya mabasi viliwekwa katika bonde la Mto Msimbazi, ambalo mafuriko yake yalijulikana tangu zamani, na mara kadhaa mvua kubwa zimefunga barabara na kusimamisha huduma kati ya Magomeni na katikati ya jiji. Mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia, unahusisha kujenga daraja jipya na kuihamisha karakana, yaani kulipia mara ya pili uamuzi wa mahali.

Ubungo, kwa upande wake, haikukosewa. Kituo kikuu kiliwekwa jirani na stendi ya mabasi ya mikoani, lakini mwaka 2021 mabasi hayo yalihamia Mbezi Luis, na njia maalumu ya awamu hii ikabaki ikiishia Kimara, kilomita kadhaa kabla ya stendi mpya. Anayewahi basi la alfajiri la Mbeya aihesabu Kimara hadi Mbezi kuwa kipande kingine cha safari, nje ya njia maalumu ya awamu hii.